Kuyumba kwa Nyota Ndogo

Katikati ya Julai, saa nne za usiku, nyota za Nge huwa zimepanda juu kabisa ya pwani yetu, mkia wake ukiwa upande wa kusini. Ukiupa mgongo mkia huo na kuinua uso kaskazini kidogo ya utosi, utakutana na kundinyota pana, lenye nyota zilizotawanyika zisizovuta jicho, liitwalo kwa jina la Kiarabu Hawaa. Mojawapo ya nyota zake zinazoonekana vizuri ni Cebalrai. Nyoosha mkono, ukunje ngumi mbele yake: ngumi hiyo inafunika takriban nyuzi kumi za anga. Katika upana wa kiasi hicho, moja ikiwa mashariki ya Cebalrai na nyingine magharibi yake, ziko nyota mbili ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziona kwa macho matupu, hata usiku wa giza totoro. Ya mashariki ni Nyota ya Barnard, iliyo mbali nasi kwa miaka 6 ya nuru. Ya magharibi iko umbali wa miaka 48 ya nuru, na tangu 2023 jina lake rasmi ni Orkaria, la Kimaasai, lililopendekezwa na kikundi cha Kenya.

Zote mbili ni vibete vyekundu: nyota ndogo, zenye joto hafifu, zinazotumia kuni zao kwa ubahili mkubwa na kwa hiyo huishi muda mrefu mno. Uzito wa Nyota ya Barnard ni kama moja ya sita ya uzito wa Jua, na kipenyo chake ni kama moja ya tano. Uso wake una joto la nyuzi 2,900 hivi za Selsiasi, wakati la Jua ni 5,500. Mwanga wote inaoutoa haufiki hata nusu ya asilimia moja ya mwanga wa Jua. Wataalamu wanakadiria kwamba katika kila nyota nne za galaksi yetu, tatu ni za namna hii. Anga tunayoijua kwa macho, basi, ni anga ya nyota kubwa na ya zile zilizotujia karibu. Zilizo nyingi hazimo kabisa katika hesabu tunayoweza kuifanya tukiwa tumelala chali barazani.

Kinachonivuta kwenye Nyota ya Barnard ni historia yake ya sayari ambazo hazikuwepo. Kwa zaidi ya miaka sitini watu waliihesabia sayari, wakazifuta, wakahesabu tena, wakafuta tena, mpaka Machi 2025 zilipothibitishwa nne, zote nyepesi kuliko Dunia. Kuitazama nyota kusingetosha kuzipata. Ilibidi watu wajifunze kukitilia shaka chombo chao, kisha mwendo wao wenyewe, kisha uso wa nyota yenyewe, mpaka kikabaki kitu ambacho hakuna shaka iliyoweza kukiondoa.

Sayari haizunguki nyota iliyotulia. Vyote viwili huzunguka kitovu kimoja cha uzito. Sayari huchora duara kubwa, nyota huchora kiduara kidogo mno. Mshtarii, aliye mkubwa kuliko sayari zote za kwetu, hulisogeza Jua kwa kasi ya mita 12 na nusu kwa sekunde, na mzunguko wake mmoja huchukua karibu miaka 12. Dunia hulisogeza kwa sentimita 9 tu kwa sekunde. Hapa ndipo nyota ndogo inapokuwa na faida. Ichukue Dunia hii hii, uiweke karibu na Nyota ya Barnard mahali ambapo mzunguko unachukua siku kumi, nayo itaiyumbisha nyota ile kwa kasi ya karibu mita moja kwa sekunde, zaidi ya mara kumi ya inavyoliyumbisha Jua. Na kwa kuwa moto wa nyota ni mdogo, eneo ambako maji yangeweza kukaa bila kuganda wala kuchemka liko karibu nayo, ambako mzunguko ni wa majuma machache. Anayewinda sayari ndogo hana budi kwenda kwenye nyota ndogo.

Edward Emerson Barnard hakuwa akiwinda sayari. Alizaliwa Nashville, Marekani, mwaka 1857, katika ufukara. Shule aliionja kwa miezi michache tu, na akiwa na umri wa miaka tisa alikuwa ameshaajiriwa kwenye studio ya picha. Elimu ya nyota alijifundisha mwenyewe. Mwaka 1892 aligundua mwezi wa tano wa Mshtarii, na mwaka 1916, kwa kulinganisha picha za miaka tofauti, akaona kwamba nyota moja hafifu ya Hawaa haikai mahali pake. Hakuna nyota nyingine tunayoiona ikihama angani kwa kasi kama hiyo: kila baada ya miaka 175 hivi husogea umbali sawa na upana wa Mwezi mpevu. Kwa mtu anayetaka kujua kama njia ya nyota imenyooka au inayumba, hapakuwa na nyota nzuri zaidi ya hiyo.

Mtu huyo alikuwa Peter van de Kamp, Mholanzi aliyehamia Marekani, mwanamuziki hodari, ambaye mwaka 1937 alikabidhiwa kituo cha uangalizi wa anga cha Sproul katika Chuo cha Swarthmore, jimbo la Pennsylvania. Mwaka uliofuata alianza kuipiga picha Nyota ya Barnard kwa darubini ya lenzi yenye kipenyo cha sentimita 61, akaendelea hivyo kwa miongo. Inafaa kuisogelea kazi yenyewe. Picha zilipigwa juu ya vioo vilivyopakwa dawa, na juu ya kioo nyota ni doa jeusi. Kioo hulazwa kwenye mashine ya kupimia, mpimaji huinamia hadubini, huzungusha skrubu taratibu mpaka doa likae sawasawa penye makutano ya nyuzi mbili nyembamba, kisha huandika namba. Anahamia nyota ya jirani, anaandika namba. Ya tatu, namba. Halafu kioo kinageuzwa na kazi inaanza upya, ili mazoea ya jicho lake yasije yakaingia kwenye hesabu. Doa lenyewe lina kingo zenye ukungu, kwa kuwa hewa ya Dunia huutikisa mwanga kabla haujafika kwenye lenzi. Katikati yake ni wapi hasa? Hilo huamuliwa na jicho na subira.

Baada ya vioo zaidi ya 2,000, mwaka 1963 van de Kamp alitangaza kwamba nyota inayumba, na kinachoiyumbisha ni sayari nzito kuliko Mshtarii, yenye mzunguko wa miaka 24. Baadaye akasema ni sayari mbili. Habari hiyo iliingia kwenye vitabu vya shule, na miaka ya sabini chama kimoja cha Uingereza cha wapenzi wa safari za anga za juu, walipobuni kwenye karatasi chombo cha kwenda kwenye nyota nyingine, waliichagua Nyota ya Barnard iwe kituo chake. Na yote hayo yalisimama juu ya msogeo ambao, ukipimwa juu ya kioo, ulikuwa wa mikroni moja hivi, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita.

Mwaka 1973 msogeo huo ulipata majibu mawili. George Gatewood na Heinrich Eichhorn walichukua vioo vya vituo vingine viwili, wakavipima kwa mashine isiyotegemea jicho la mtu, na hawakuona kuyumba kokote. Jibu la pili linanigusa zaidi, kwa sababu lilitoka ndani ya nyumba. John Hershey, aliyefanya kazi Swarthmore kwa darubini ile ile, alipima nyota nyingine kabisa, iliyo sehemu nyingine ya anga, isiyo na uhusiano wowote na Nyota ya Barnard. Nayo iliyumba. Iliruka mwaka ule ule ambao ya Barnard iliruka. Ukirudi kwenye kumbukumbu za kituo, unakuta kwamba mwaka 1949 lenzi ilitolewa na kufungwa kwenye fremu mpya ya chuma, na mwaka 1957 ikarekebishwa tena. Nyota zilikuwa zimetulia. Kilichosogea ni chombo, na kilisogea siku mkono wa fundi ulipokigusa.

Van de Kamp hakukubali. Aliendelea kuchapisha hesabu zake hadi miaka ya themanini, na akafariki Mei 1995 akiwa bado anaamini. Miezi mitano baadaye Michel Mayor na Didier Queloz, wa Geneva, walitangaza sayari ya kwanza kuthibitishwa ikiizunguka nyota inayofanana na Jua, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Wengi humtaja van de Kamp kama funzo la ukaidi. Mimi naona hukumu hiyo ni nyepesi mno. Vioo vyake ni vya kweli, usiku wake wa baridi Pennsylvania ulikuwa wa kweli, na wazo lake kwamba nyota ndogo ndizo zitakazotoa sayari limethibitika kuliko yeye alivyoota. Alichokosa ni kitu kimoja: hakuipima darubini yake kwa ukali aliotumia kuipima nyota. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia, lakini aliyepotea si lazima awe ndiye atakayeijua. Wakati mwingine anayeijua ni wa nyuma yake, aliyeona pale nyayo zilipopinda. Hershey aliona. Natamani jina lake lingejulikana zaidi, maana kumwonyesha bwana wa kituo kwamba nyumba yake ina ufa kunahitaji moyo.

Siku hizi wanaotafuta sayari za nyota hizi hawategemei tena mahali nyota ilipo. Wanapima kasi ambayo nyota inatujia au kutukimbia. Mwanga wa nyota ukitawanywa katika rangi zake huwa na michirizi myeusi maelfu kwa maelfu, alama za atomi zilizomo katika uso wake, na kwa vibete vyekundu, ambavyo joto lao haliwezi kuvunja kila kitu, hata za molekuli kama mvuke wa maji. Nyota ikitujia, michirizi yote husogea kidogo kuelekea upande wa buluu. Ikituacha, huelekea kwenye nyekundu. Sayari moja ikizunguka, michirizi inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, kwa muda ule ule wa mzunguko.

Chombo kimoja cha kupima michirizi hiyo kinaitwa ESPRESSO, na kiko Paranal, kwenye jangwa la Chile. Mwanga unakusanywa na darubini yenye kioo cha mita 8.2, unapelekwa chini ya ardhi, unaingia kwenye tangi lililonyonywa hewa yote. Tangi limo ndani ya chumba, na chumba kimo ndani ya chumba kingine, na joto la ndani linazuiwa lisibadilike hata kwa sehemu za maelfu ya nyuzi moja. Pembeni ya mwanga wa nyota hupitishwa mwanga wa taa maalumu ambayo rangi zake zinajulikana barabara, ili chombo kikijikunja au kujinyoosha, taa iseme. Yale mabadiliko ya fremu ya chuma yaliyomhadaa van de Kamp kwa miongo, hapa yanatarajiwa kila usiku na yanapimwa kila usiku.

Ukiuliza michirizi inasogea kiasi gani juu ya kigunduzi cha silikoni pale sayari nyepesi kabisa ya Nyota ya Barnard inapoivuta nyota yake, jibu ni nanomita chache tu. Mikroni moja ni nanomita 1,000. Msogeo ulioaminiwa mwaka 1963 ulikuwa mkubwa mara mamia kuliko huu, nao ulikuwa wa uongo. Huu mdogo ni wa kweli. Kila nikiufikiria ulinganifu huo napata mshangao ule ule. Ukubwa wa alama si dhamana ya ukweli wake. Dhamana iko katika kujua ni vitu gani vingine vingeweza kuitengeneza alama hiyo, na kuviondoa kimoja kimoja.

Na vya kuondoa ni vingi. Wa kwanza ni sisi. Dunia inalizunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, kwa hiyo nusu ya mwaka tunaikimbilia nyota na nusu tunaikimbia. Juu ya hapo Dunia inajizungusha. Mtu aliyesimama kwenye ikweta, huko Nanyuki kwa mfano, anabebwa mita 465 kila sekunde bila kuhisi chochote. Nyota yenyewe inatujia kwa kilomita 110 kwa sekunde, na kwa kuwa inapita karibu, pembe tunayoiona inabadilika, hata kasi yake ya kutujia huonekana ikibadilika kwa mita 4 na nusu kwa sekunde kila mwaka, ingawa hakuna kinachoivuta. Yote haya huhesabiwa na kutolewa. Kinachotafutwa, baada ya kutoa kilomita na mita zote hizo, ni kuyumba kwa sentimita 22 kwa sekunde: kasi ya mtoto aliyetoka kusimama dede juzi na leo anajaribu hatua.

Kisha inabaki nyota. Hii ndiyo shaka ngumu kuliko zote, kwa sababu haiwezi kufungiwa kwenye tangi. Uso wa nyota unachemka. Gesi ya moto inapanda, iliyopoa inashuka. Una madoa meusi ya sumaku yanayozunguka pamoja nao. Doa likiwa upande wa nyota unaotujia linapunguza mwanga wa upande huo, na michirizi inapindika kana kwamba nyota nzima imesogea. Likivuka upande wa pili, inapindika kinyume. Nyota ya Barnard ni kongwe na mpole, inajizungusha mara moja kwa takriban siku 145, lakini upole wa nyota si ukimya.

Mwaka 2018 kundi kubwa lililoongozwa na Ignasi Ribas, wa Barcelona, lilikusanya vipimo 771 vya zaidi ya miaka ishirini, kutoka vyombo saba, na kutangaza katika jarida la Nature kwamba kuna sayari yenye uzito wa angalau mara 3.2 wa Dunia, inayozunguka kwa siku 233. Kazi ilifanywa kwa uangalifu, na wao wenyewe waliiita sayari tarajiwa. Mwaka 2021 kundi jingine, likiongozwa na Jack Lubin na kutumia vipimo vya chombo kilichoko Texas, lilionyesha kwamba dalili ile huja na kutoweka. Sayari haina likizo. Na hesabu ilieleza zilikotoka siku 233: nyota inazunguka kwa siku 145, na sisi tunaitazama kwa vipindi vya mwaka, kwa kuwa kwa miezi fulani Jua huwa karibu nayo angani. Midundo hiyo miwili ikipishana huzaa mdundo wa tatu, wa uongo, wenye urefu wa karibu siku hizo hizo. Nusu ya sayari ile ilikuwa madoa ya nyota, na nusu nyingine ilikuwa kalenda yetu.

Yaliyofuata ndiyo yanayonifanya niamini kwamba jambo fulani limebadilika tangu Swarthmore. Oktoba 2024 Jonay González Hernández na wenzake wa Visiwa vya Kanari walichapisha vipimo vya ESPRESSO vya miaka minne: sayari moja, yenye mzunguko wa siku 3.15, na dalili za nyingine tatu. Katika andiko hilo hilo walisema kwamba ile ya siku 233 hawaioni. González Hernández alikuwa miongoni mwa walioweka majina yao kwenye tangazo la 2018. Hakuna aliyemlazimisha, vipimo vyake vipya ndivyo vilivyoisahihisha kazi aliyoshiriki, na aliiandika hivyo, wazi, mahali pale pale alipoandika ushindi wake. Kwangu mimi mistari hiyo michache ina thamani sawa na sayari yenyewe.

Miezi mitano baadaye Ritvik Basant, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Chicago, na wenzake walitoa matokeo ya chombo kingine, MAROON-X, kilichofungwa kwenye darubini ya Gemini juu ya Maunakea, Hawaii: usiku 112, katika miaka mitatu. Mlima tofauti, bahari nyingine, nusu nyingine ya Dunia, chombo kilichobuniwa na mikono mingine. Na michirizi ikacheza kwa midundo ile ile. Sayari nne, zenye mizunguko ya siku 2.34, 3.15, 4.12 na 6.74. Uzito wa nyepesi kuliko zote ni karibu moja ya tano ya uzito wa Dunia, haufiki mara mbili ya Mirihi. Njia hii hutoa uzito wa chini kabisa unaowezekana, kwa kuwa hatujui mizunguko imelala kwa pembe gani, lakini hata kwa tahadhari hiyo hizi ni miongoni mwa sayari nyepesi kuliko zote zilizowahi kupatikana kwa kuyumba kwa nyota zao.

Ya pili kati ya nyota zetu mbili za Hawaa ilikuja kwa njia nyingine, iliyo rahisi kuieleza. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga hupungua. Dunia ikipita mbele ya Jua hupunguza mwanga kwa chini ya sehemu moja ya elfu kumi. Lakini Orkaria ni ndogo kiasi kwamba sayari yake huzuia zaidi ya asilimia moja, na hilo linaweza kuonwa na darubini ya sentimita 40. Mwaka 2009 kundi la David Charbonneau liliiona kwa kutumia darubini nane za ukubwa huo, zilizopangwa juu ya Mlima Hopkins, Arizona: kila baada ya saa 38, kupungua. Sayari hiyo, ambayo sasa huitwa Enaiposha, jina lililotoka Kenya pamoja na la nyota yake, ina uzito wa kama Dunia nane na imefunikwa na ukungu mzito ambao darubini ya Hubble ilishindwa kuupenya. Si sayari nyepesi. Lakini ilithibitisha kwamba nyota ndogo inaweza kumpa siri zake hata mwenye darubini ndogo, na tangu hapo darubini za namna hiyo zimeenea, ikiwemo ya Oukaïmeden kwenye milima ya Atlas nchini Moroko, pacha wa ile ya Chile iliyoanza kuzigundua sayari saba za nyota ya TRAPPIST-1.

Afrika ina sehemu yake ya zamani zaidi katika habari hii. Mwaka 1915, mwaka mmoja kabla ya Barnard, Robert Innes akiwa Johannesburg alilinganisha vioo viwili vya picha na kukiona kibete chekundu kilicho jirani yetu wa karibu kuliko nyota zote baada ya Jua, Proxima Centauri. Mwaka 2016 ilipatikana na sayari yenye uzito unaokaribia wa Dunia, na mwaka 2022 nyingine, yenye kama robo ya uzito huo, inayoiyumbisha nyota kwa sentimita 39 kwa sekunde.

Nimewahi kuulizwa faida ya haya yote ni nini. Sayari nne za Nyota ya Barnard zote ziko karibu mno na moto. Ile ya siku 3.15 inakadiriwa kuwa na joto la nyuzi 125, maji yangechemka na kwisha. Katika eneo la nyota hiyo lenye joto la wastani, vipimo vinaonyesha kwamba sayari yenye uzito kama wa Dunia haipo, ingekuwepo ingeshaonekana. Jibu langu ni kwamba kuweza kusema "haipo" kwa uhakika, kuhusu mahali palipo umbali wa miaka 6 ya nuru, ni elimu kubwa. Van de Kamp hakuweza kusema "haipo". Hata wapinzani wake wa 1973 waliweza tu kusema kwamba hawaioni. Imechukua nusu karne kutoka kwenye "sioni" hadi kwenye "haipo", na nusu karne hiyo imejaa watu waliokesha kwa ajili ya kupunguza makosa kwa sentimita chache kwa sekunde.

Kilichobaki katika eneo hilo, kama kipo, ni kitu cha kiasi cha Mirihi. Mvuto wake kwa nyota ungekuwa wa sentimita 10 hivi kwa sekunde, na kiwango hicho kinakaribia sana zile sentimita 9 ambazo Dunia hulivuta Jua. Kwa hiyo wanaotafuta Mirihi kwenye nyota ndogo na wanaotafuta Dunia nyingine kwenye nyota kama Jua wamefika kwenye ukuta mmoja, na ukuta huo hauko tena kwenye fremu ya chuma wala kwenye tangi. Ni uso wa nyota, unaochemka.

Ndiyo maana tangu 2015, kwenye kisiwa cha La Palma, chombo kiitwacho HARPS-N, ambacho usiku hupima nyota za mbali, mchana hakipumzishwi. Kando yake kuna darubini ndogo yenye lenzi ya sentimita 7 na ushei, inayolifuata Jua tangu asubuhi na kuuchanganya mwanga wake wote mpaka Jua liwe nukta moja isiyo na uso, kama nyota yoyote ile. Chombo kinapima michirizi ya Jua kila baada ya dakika chache, siku baada ya siku, kisha vipimo vinalinganishwa na madoa ambayo kwa Jua, tofauti na nyota zote, tunaweza kuyaona na kuyahesabu. Mojawapo ya malengo ni kuona kama kelele za Jua zinaweza kuchujwa mpaka ubaki mvuto wa Zuhura, ambao hauzidi sentimita 9 kwa sekunde. Zuhura wanajua aliko, uzito wake wanaujua, na siku zake 225 wamezihesabu. Wanamtafuta hivyo hivyo, kama watu wasiojua kwamba yupo.